Gari la Bingwa Lipigwe Mpaka Life

Rafiki yangu alifia kitandani, na hilo lilimuudhi. Bingwa wa mbio za magari ya kugongana, mtu aliyevunjika taya na kiwiko akacheka, anakuja kuuawa na figo! Hospitalini alinikamata kola.

"Gari langu wasilipeleke kwenye maonyesho. Lirudishe uwanjani, lipigwe mpaka life. Na binti yangu ndiye alimalize, watu wajue kiti changu kina mwenyewe."

Nikakubali. Shule niliikimbia darasa la nne, lakini bampa la mbele la gari lile, chuma kinene kama paja, nililichomelea mimi, gereji kwangu Hayes, magharibi ya London. Nani mwingine angeliendesha?

Uwanja wa London walishauvunja wakajenga maghorofa, kwa hiyo tulilivuta mpaka nje ya jiji. Binti, naye dereva wa mbio hizo, alishuka kwenye gari lake akanijia, helmeti kwapani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Humo ndani hakuna shikamoo. Nipige."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao waliozaliwa huku, kwamba hawezi kumgonga mzee, tena aliye ndani ya gari la marehemu baba yake.

"Basi weka helmeti chini ukapike chai."

Akanipa mgongo.

Bingwa huanzia nyuma kabisa, na paa la gari lake hupakwa rangi ya dhahabu ili kila mtu ajue wa kumwinda. Siku hiyo hawakuniwinda. Walinipisha! Walisogea pembeni kama wanapisha jeneza. Mmoja hata alinipungia. Damu ikanipanda. Huyo wa kupunga nilimkita ubavuni, akapanda ukuta, gurudumu likang'oka. Aliyefuata nilimzungusha akabaki anatazama alikotoka. Mbele yangu binti akapunguza mwendo, ananingoja nipite.

Nikakanyaga mafuta. Kishindo kilinifika kwenye meno. Alibamizwa ukutani, nikamwona kupitia wavu wa dirisha, damu ya pua inamchuruzika mpaka kidevuni.

Hapo akawa mtoto wa baba yake. Alinifukuza raundi nzima, na konani akaniingia ubavuni kwa nguvu zote. Hakuniachia. Alinisukuma huku chuma kinalia mpaka ukuta ukatupokea. Rejeta ilipasuka, maji ya moto yakaniunguza mapaja, mbavu zikasema kah! Fremu ilipinda kama ukuni mbichi. Wakapeperusha bendera nyekundu, mbio zikasimama.

Alinichomoa dirishani kwa kola ya ovaroli.

"Baba mdogo, mzima?" Kiswahili, safari hii.

"Mzima. Gari je?"

Alilizunguka, akalipiga teke, akajifuta damu kwa glavu.

"Limekufa." Kisha akainama mbele. "Ila bampa halina hata ufa."

"Ulitegemea nini? Nimelichomelea mimi. Leta msumeno, tulikate tulifunge kwenye gari lako."