Mlango wa Mama Cherehani

Walipokuja wale watu wa chama cha mchezo wa mawimbi, wamevaa fulana za rangi moja na wamebeba kibao cha shaba cha kubandika ukutani, Mama Cherehani hakuwakaribisha ndani. Aliwasimamisha barazani, akawakagua mmoja mmoja kama anayekagua kitambaa chenye doa, kisha akauliza, "Mmefuata mlango wangu?"

Hawakumwelewa. Kiongozi wao, kijana mwenye ndevu za kuchonga, alikohoa kidogo akaanza hotuba yake. Kwamba nyumba hii ni ya kihistoria. Kwamba hapa ndipo alipopanga yule mwalimu wa roho kutoka ng'ambo, mtu wa kwanza kusimama juu ya wimbi katika nchi hii. Kwamba chama kinamtambua kama mwasisi. Na kwamba wanautafuta ubao wake wa kwanza ili wauweke kwenye kabati la kioo, lakini kila waliyemuuliza hajui uliishia wapi.

"Mwasisi," alisema Mama Cherehani, kwa sura ya mtu aliyeng'ata jiwe kwenye chakula. "Mwasisi wa nini? Wa kung'oa milango ya watu?"

Vijana wakatazamana. Walikuwa wameambiwa mama huyu ni mkali, wakadhani ni maneno ya mtaani tu. Pole yao.

Jina hilo la Mama Cherehani alipewa na mtaa, kwa kuwa cherehani yake ilisikika kabla hujaiona nyumba. Alishona sare za shule, mapazia na suruali za makarani. Mumewe alikuwa fundi wa taa za bandari, zile zinazoelea penye miamba kuzionyesha meli njia. Siku moja bahari ilichafuka na taa moja ikazimika. Mkewe alimwambia asiende. Alimwambia hivyo wakiwa wamesimama mlangoni, na yeye akacheka, akasema taa haijiwashi yenyewe, akaenda. Mashua ilirudi na mwenzake peke yake. Mwili haukupatikana, kwa hiyo hata kaburi la kwenda kufagia hakuna.

Kilichobaki ni binti mmoja, mwembamba, ambaye mtaa ulimwita Sindano, na nyumba yenye chumba kimoja cha kupangisha, kinachofunguka barazani. Mlango wa chumba hicho mumewe aliutengeneza mwenyewe, kwa mbao nyepesi za makasha yaliyoshushwa melini, akiazima randa kwa mdogo wake aliyekuwa seremala hasa. Haukuwa mlango mzuri, tusidanganyane. Ulibururika sakafuni, na kuufunga ilibidi uunyanyue kwa goti. Lakini ndio mkono wa mumewe uliobaki duniani, na Mama Cherehani aliupaka mafuta kila mwaka akiwa peke yake, asije mtu akamwona akaanza kumwonea huruma.

Halafu akaja mpangaji, na begi moja na maneno mengi. Huko kwao, alisema, kazi yake ni kuwafundisha watu kunyamaza. Mtaa ukamwita Kimya kwa dhihaka, maana hata redio ya kinyozi ilikuwa inapumzika kuliko yeye. Alijifunza lugha haraka, kiasi cha kutosha kumchosha mtu. Asubuhi wanafunzi wake walikuja uani: karani wa posta, muuza dawa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Walikunja miguu, wakafumba macho, wakapumua kwa pamoja.

"Watu wazima wanafundishwa kupumua," Mama Cherehani alimwambia binti yake, kwa sauti ya kuwafikia. "Sijui mpaka leo walikuwa wanaishije."

Sindano alicheka, lakini alikuwa akiwatazama.

Hawakupatana tangu mwanzo, yeye na Kimya. Kimya alianika kaptura zake mbichi juu ya nguo za wateja. Alijisahau kufunga bomba. Kosa kubwa zaidi, alipenda kuja kusimama karibu na cherehani wakati Mama Cherehani ana pini mdomoni na hawezi kumjibu, akamwambia kwa upole wa kuudhi, "Mama, leo unashona kwa hasira." Hebu fikiria. Mtu anadaiwa sare za darasa zima, na mpangaji anamsomea moyo wake.

Jioni Kimya alikwenda kuyatazama mawimbi ya nje ya mwamba. Aliwaambia wanafunzi kwamba kwao, ujanani, alikuwa anasimama juu ya wimbi kwa ubao na kuteleza nalo hadi pwani, na kwamba wimbi humfundisha mtu utulivu kuliko yeye anavyoweza. Muuza dawa alisema hayo hayawezekani. Kimya akasema angekuwa na ubao angemwonyesha.

Mwezi huo Mama Cherehani alikwenda kumuuguza dada yake. Aliporudi, hata mzigo hajautua, aliona chumba cha mpangaji kimening'inizwa shuka.

"Mlango uko wapi?"

"Umepata kazi nyingine, mama," alisema Kimya akitabasamu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya shemeji yake, yule seremala, na pale kwenye maranda akaokota vipande viwili vya mbao vyenye mafuta aliyoyapaka kwa mkono wake. Zilikuwa kona za juu za mlango.

"Shemeji, mimi nilijua umekubali," alisema seremala. "Niliambiwa mwenyewe karuhusu."

"Mwenyewe nani?"

Shemeji aliinama, akaendelea kupiga randa ubao uliokuwa umeshalainika kitambo. Mama Cherehani hakungoja jibu. Alikuwa na hakika analijua.

Aliwakuta pwani. Wanafunzi walikuwa wamekaa mchangani kama wanaosubiri daktari, kwa sababu Kimya alikuwa na sharti lake: haingii mtu majini na kinyongo kifuani. Kila asubuhi alimuuliza kila mmoja, "Una hasira na nani leo?" Mwenye jina la kutaja alikaa mchangani mpaka hasira imwishe. Karani wa posta alikuwa hajagusa maji wiki nzima kwa sababu ya mkuu wake wa kazi.

Kimya alimwona mama anakuja, na akafanya kosa la maisha yake. "Una hasira na nani leo, mama?"

"Na wewe!"

"Basi kaa kwanza."

"Nikae! Mwizi ananiambia nikae!"

Kimya akaubeba mlango kichwani, akaingia nao majini. Alilala juu yake kifudifudi, akapiga makasia kwa mikono mpaka penye mawimbi. Wimbi lilipoinuka aliinuka nalo, akasimama, magoti yamekunjwa kidogo, na mlango ukamleta pwani mbio. Muuza dawa alishika kichwa. Watu waliokuwa wakipita barabarani waliacha baiskeli zao wakapiga makofi. Mama Cherehani hakupiga. Aliona mbao za mumewe zikichezewa kwenye maji yaleyale yaliyommeza mumewe. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na chuki hiyo ilimpa nguvu za kurudi nyumbani.

Aliapa kumtoa. Alimzimia taa, alimfungia bomba, alimpa notisi kila alipopishana naye. Kimya akawa anaitikia tu, "Sawa, mama," na hahami.

Kisha cherehani ikaanza kusaga. Mama Cherehani aliipangusa, akaitia mafuta, haikusaidia. Akafungua pale panapokaa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na mchanga ukamwagika mezani. Mchanga mweupe wa pwani. Yeye hakuwa ameketi pwani tangu mumewe apotee, na mtu mwingine pekee aliyekuwa akikalia kiti kile alikuwa mwanawe.

"Umekwenda majini?"

Sindano hakujitetea. "Nimekwenda, mama."

"Na yule?"

"Nilikwenda mwenyewe. Yeye alinifundisha."

Mlango ulikuwa jambo moja. Hili lilikuwa jingine kabisa. Bahari ilikuwa imeshakula mmoja kwake, na kama kuna mtu alidhani ataipa wa pili, hakumjua. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akataka kikao.

Baraza la mwenyekiti lilijaa. Mama Cherehani alisema yote bila kupumzika: ameiba mlango wa marehemu, ameukata, na sasa anawapeleka watoto wa watu wakafie majini kwa jina la utulivu. Wazazi wengine walidakia. Mmoja alisema anaabudu mawimbi. Mwingine alisema anapumua vibaya.

"Mlango uliuchukua?" mwenyekiti alimuuliza.

Mtu yule aliyekuwa na neno kwa kila pini akatazama viganja vyake, asiseme lolote. Watu walingoja. Mtu akatania kwamba leo ndiyo kaanza kazi. Kimya hakuinua uso. Mwenyekiti akaona kunyamaza kule ni kukiri, akatamka kwamba mpangaji ahame mtaani ifikapo kesho.

"Mlango nilimpa mimi."

Sindano alikuwa amesimama nyuma, karibu na ukuta. "Niliung'oa mwenyewe, kwa bisibisi ya baba. Mimi ndiye niliyempelekea baba mdogo aukate. Yeye alisema tukuulize kwanza, mama. Nikamwambia mlango ni wa baba yangu, na mimi nimeruhusu. Tangu mwanzo nilimwomba asikwambie."

Baraza zima lilimgeukia Mama Cherehani. Aibu ilimchoma masikioni. Angeweza kusema basi, tusameheane. Badala yake alisema, "Aondoke hivyohivyo."

Mwenyekiti, ambaye suruali zake mbili zilikuwa kwa mama huyo na ambaye siku hiyo hakuwa na moyo wa kusuluhisha, hakubadilisha uamuzi. Kimya aliondoka alfajiri. Alikunja shuka vizuri akaiacha kitandani. Alisimama barazani akaaga, na mama akiwa ndani alimsikia, hakujibu.

Kitanda cha Sindano kilikuwa kitupu. Mama Cherehani alitoka bila viatu.

Pwani hakukuwa na wanafunzi. Kulikuwa na binti mmoja mbali kule, amelala juu ya mlango, anapanda na kushuka na maji. Mama aliita jina lake la nyumbani mpaka sauti ikakatika. Akaingia majini, maji yakamfika magotini, gauni likamganda miguuni, akashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Nyuma ya binti wimbi likavimba. Mama alitaka kufumba macho lakini hakuthubutu, maana aliyepotea kwanza alipotea bila yeye kuona. Sindano akapiga makasia, akajiinua, akayumba, akasimama wima. Alikuja moja kwa moja kwa mama yake, mpaka wimbi likaisha nguvu na akashuka kama anayeshuka ngazi za nyumba.

"Nipe mlango wangu," mama alisema. Meno yalikuwa yanagongana.

Sindano hakuuachia. "Una hasira na nani leo, mama?"

Swali la mtu yule, kwenye mdomo wa mwanawe. Mama alifungua kinywa amtaje Kimya, na Kimya alikwisha ondoka. Alitaka kusema na wewe. Lakini mtoto alikuwa mbele yake, amelowa, mzima.

"Na baba yako," alisema. "Nilimwambia asiende."

Akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, makamasi na chumvi pamoja, kilio alichokificha kwenye mngurumo wa cherehani miaka yote. Sindano alimshika bega.

"Hata mimi," alisema. "Ndiyo maana nilikaa sana mchangani kabla hajaniruhusu kuingia."

Wakaubeba mlango hadi nyumbani, mama mbele, binti nyuma. Shemeji aliitwa aupachike. Alitaka kuziba kona za juu kwa mbao mpya, Mama Cherehani akamzuia. "Uache ulivyo. Na wewe, Sindano, ukitaka ubao, baba yako mdogo ana mbao. Mlango huu usiuguse tena." Hiyo ndiyo ruhusa aliyotoa, na hakuirudia.

Kumsamehe Kimya? Thubutu. Mpaka leo akimtaja anatema mate. Chumba hakupangisha tena, ndimo anamoshonea. Sindano aliwachukua wale watatu wa kupumua, akawafundisha kusimama, kisha watoto wao, kisha watoto wa mitaa mingine. Aliyemfundisha kijana mwenye ndevu za kuchonga alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Sindano, ila kijana mwenyewe hajui hilo, na kwenye kibao chake cha shaba jina la Sindano halimo.

"Nipe nikisome," Mama Cherehani alimwambia. Akakisoma mpaka mwisho, akakirudisha. "Nendeni mkaandike upya. Mkamuulize mwanangu, yuko pwani."

Akaingia chumbani mwake mwa kushonea. Akaunyanyua mlango kwa goti, ingawa tangu upachikwe upya hauhitaji kunyanyuliwa, akawafungia.

Vijana wakabaki wanautazama. Mwanga ulipita pale juu, kona zilipokatwa. Yule mwenye ndevu akapitisha kidole kwenye ukingo uliochongeka, akatikisa kichwa.

"Mlango gani huu," alisema. "Fundi wake hakujua kazi kabisa."

Upande wa pili, Mama Cherehani alikuwa bado ameuegemea.

"Fundi wake ni mume wangu!" alifoka. "Toa mkono wako hapo!"