Kasuku wa Kwapani

Wiki iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kwenda kujiandikisha chuoni, kile chuo kidogo cha ufundi kusini mwa Johannesburg, mtaa wa pili tu kutoka tulipokuwa tukiishi La Rochelle. Nilitarajia fomu na foleni, na kweli vilikuwepo. Ila koridoni nikakuta kabati la kioo limejaa vikombe vya mpira wa kikapu, vikubwa kwa vidogo, na katikati yake imetundikwa jezi ya bluu, namba saba, imepauka mabegani. Chini wameandika kuwa ndiyo jezi ya kwanza ya timu ya wanaume. Nikasimama pale, nikaitazama.

"Sista, hiyo ni jezi tu," mdogo wangu akasema. "Twende, foleni inasogea."

Jezi tu! Ngoja nikusimulie wewe, maana yeye hakuwa hata amezaliwa.

Siku hizo tulipanga chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na chini ya dirisha hilo ndipo ilipokaa cherehani ya mama. Alikuwa fundi kutoka Lubumbashi, na Wakongo wa kanisani kwetu walioa na kubatiza watoto wakiwa ndani ya suti zake. Nyuma ya ukuta jirani yetu alisuka nywele, kwa hiyo nilikua nikisikia cherehani huku na mashine ya kukaushia nywele kule, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, yakichemka katikati. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kufumua mishono iliyokosewa na kuokota pini kwa sumaku. Mama alikuwa na sheria moja: nguo haijaisha mpaka mwenyewe atembee nayo, kisha akae. Mteja alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani, akaketi kwenye kigoda, mama akamzunguka na pini mdomoni. Nguo ikipita hapo, imepita.

Sasa timu ya chuo kile ilikuwa kichekesho. Vijana warefu, wepesi, lakini walicheza na fulana za kuazima, kila mmoja na rangi yake, na walifungwa na kila aliyekuja. Mwaka ule waandaaji wa mashindano ya vyuo wakasema timu isiyo na sare haichezi. Kocha wao, Mkenya mmoja mpole aliyefundisha hesabu, akaja kwetu na kitambaa cha bluu alichonunua Fordsburg.

"Mama, nataka jezi kumi na mbili," akasema. "Zikae poa kwa mwili."

Mama hakuwa ameona mpira wa kikapu hata siku moja. Nguo pekee ya kiume isiyo na mikono aliyowahi kushona ni kizibao cha suti. Basi akashona vizibao, kumi na viwili, vimebana kiunoni, kwapa zimepanda juu, namba zimenyooka mgongoni. Jumatano vijana wakaja kujaribu. Walitembea, safi. Walikaa, safi. Jirani alichungulia na kitana mkononi akapiga kigelegele, akauliza bibi harusi wako wapi.

Kisha kocha akamwambia nahodha ainue mikono kama anayerusha mpira. Tukasikia praa! Kwapa zote mbili zikaachia.

"Eish," nahodha akasema, mikono ikiwa bado juu.

"Sasa hawa watarusha mpira aje, mama?" kocha akauliza kwa sauti ya chini.

"Papa mwalimu, haukuniambiaka kama batainua mikono!"

Mama akaketi kwenye kigoda cha wateja. Mechi ilikuwa Jumamosi. Kitambaa kile kilikuwa mwisho wa jora, na dukani kingine hakikuwepo. Akishindwa, vijana hawachezi, na mtaa mzima ungejua fundi aliyewaangusha ni nani. Alipekua mabaki, hayakutosha. Halafu akainua macho juu ya kabati letu la nguo.

Juu ya kabati kulikuwa na gauni langu. Tuseme ukweli, kilikuwa bado kitenge, cha njano chenye kasuku wa kijani, alichonitumia bibi kutoka Lubumbashi kwa ajili ya kwaya ya watoto siku ya Pasaka. Nilishawatangazia wenzangu wote.

"Nitakushonea ingine," mama akasema bila kunitazama. "Ya muzuri kupita hii."

Alikata pembetatu kama sambusa, mbili kwa kila jezi, akazipachika kwapani. Mimi ndiye niliyefumua kwapa zote, Alhamisi na Ijumaa baada ya shule, nikilia na kununa. Jirani aliniletea magwinya, maandazi ya huku, ya moto kutoka kwenye spaza, kiduka cha mtaani, ili ninyamaze. Nikayala, nikaendelea kulia. Mtu anaweza kufanya yote mawili.

Jumamosi wapinzani walishuka kwenye basi lao, mabegi yote yanafanana. Vijana wetu wakaingia mikono chini, bluu tupu, nami nikanuna zaidi kwa kuwa hata kitenge changu hakikuonekana. Mara nahodha akaruka kurusha mpira, na kasuku wakatokea. Uwanja ukacheka. Akaruka mwingine, uwanja ukapiga kelele, "Kasuku!" Hapo vijana wakanogewa. Kocha alikuwa amewasihi mwaka mzima walinde wakiwa wamenyoosha mikono juu, wakapuuza. Siku ile walinyoosha kwa maringo, wote watano, na wapinzani hawakupata hata upenyo wa kuona kikapu. Gauni langu lilikimbia uwanja mzima. Tulishinda kwa kikapu kimoja, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Vikombe vilianzia pale. Kila mwaka wachezaji wapya walikuja kwa mama kuwekewa kitenge kwapani, na sheria yake ikaongezeka: tembea, kaa, inua mikono. Hakumsamehe mtu. Hata mchungaji alipokuja kujaribu suti aliambiwa ainue, akainua na kusema haleluya kwa mazoea.

Lile gauni lingine halikuja. Kazi zilikuwa nyingi, mimi nikarefuka, wala sikuuliza tena. Nilidhani amesahau.

Leo jezi zao zinatoka kiwandani na zinavutika zenyewe. Chumba chetu kimekuwa duka la simu, jirani amehamia Soweto, na mama amerudi Lubumbashi, macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Kabatini wameandika jina la kocha na la nahodha, la fundi hakuna. Na jezi inavyoning'inia, kwapa zimejikunja, huoni kasuku hata mmoja.

Nikaipiga picha, nikamtumia mama. Kabla hatujafika dirisha la kujiandikisha sauti yake ikaingia kwenye simu.

"Namba saba. Angalia chini ya kwapa, robe yako iko pale. Sikukushoneaka ile ingine, mwanangu. Kila Pasaka nilikuwa nakumbuka."

"Gauni gani hilo?" mdogo wangu akauliza.

Nikaweka mkoba chini na kuinua mikono yote miwili katikati ya korido, ili aone kasuku walikaa wapi. Wanafunzi waligeuka kutazama. Nilikuwa nacheka huku nalia, na foleni ikawa imetupita.