Mke wa Bwana Nakuja

Kuna neno moja lililokuwa likimtoa roho mama mmoja, fundi cherehani: "Nakuja." Wenzetu wakiondoka huaga. Mumewe, fundi redio, akiondoka husema "nakuja", kisha haji. Mtaani walishambatiza Bwana Nakuja, naye anaitika, wala hana haya.

Safari ya visiwa vya kaskazini aliitaka mke, na si kwa anasa. Daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka kwamba nuru inamwisha, na inaweza kumtoka siku yoyote.

"Kabla giza halijaniingia, nataka nivione vile visiwa," akamwambia mumewe. "Na wewe uwe ubavuni mwangu, uone ninachoona. Nikishapofuka, utakuwa unanisimulia."

Fundi redio machozi yakamlenga. Akaapa.

Kiapo gani hicho jamani! Kwenye treni, milima haijaanza hata kuonekana, mzee kasikia injini inakohoa. "Nakuja, mke wangu." Mabonde yakapita, maporomoko ya maji yakapita, mama wa watu kakodoa macho peke yake, kapakata mfuko wa mayai ya kuchemsha. Bwana akarudi mikono imejaa grisi, anachekelea.

"Dereva wao ni mtu wa watu kweli!"

"Na maporomoko je?"

"Maporomoko gani?"

Uwanja wa ndege nusura waachwe. Wahudumu wanaita majina yao, yeye yuko kwa mtu wa vipaza sauti, anamweleza kwa nini vinakwaruza. Ndani ya ndege wakampa kiti cha dirishani, akakoroma mpaka wanatua. Mke akameza hasira. Alijipa moyo kwamba kwenye kivuko hakuna pa kukimbilia.

Thubutu! Wameshapanda, wameketi sitahani, mzee kasikia winchi gatini inalia vibaya.

"Nakuja."

"Baba wee, huji! Kaa hapa!"

"Dakika moja tu."

Ngazi ikavutwa, honi ikalia, kivuko kikang'oa nanga. Simu ikaita.

"Mke wangu, wameniacha!"

"Hawajakuacha, umejiacha mwenyewe. Umenichosha. Na usinipigie tena!"

Akaizima. Angekuwa karibu naye, mayai yote yangeishia kichwani pake.

Kivuko kilikata maji asubuhi nzima. Hatimaye abiria wakaanza kusimama, wakinyoosha vidole na kupiga picha. "Vile pale! Oneni ndege walivyojaa miambani!" Fundi cherehani akasimama nao, akashika ukingo, akatazama. Weupe mtupu. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akatazama tena. Akageuka kumuuliza mwenzake, mwenzake hayupo. Ikabidi amguse bega dada aliyesimama jirani yake.

"Samahani, mwanangu, huu ukungu huwa unaondoka saa ngapi?"

"Ukungu gani, shangazi?" dada akashangaa. "Mbona kweupe pe!"

Hasira zote zikamwisha, ikabaki hofu. Visiwa vilikuwa pale mbele, na kati yao wawili hakuna aliyeviona.