Msuko wa Tatu

Bi Ghalia wa Kilburn, London, huosha maiti wa kike, na siri ya maiti hajapata kuitoa. Picha za siku hizi, husema, ni uchafu uliotiwa fremu. Kwenye ukumbi mdogo wa sanaa huko Tottenham alikwenda kwa ajili ya Sundus tu, binti wa jirani yake, aliyetundika mchoro pamoja na wasanii wenzake chipukizi.

Mchoro ulikuwa wa bibi kizee aliyefumba macho, misuko miwili kifuani, fungu la tatu la nywele limeachwa wazi.

Bi Ghalia alimtambua. Maiti wa kike, kwa sunna, husukwa misuko mitatu. Huyu alimwosha mwaka jana, bila msaidizi. Dereva wa gari la maiti akagonga mlango, akisema makaburini watafunga, naye Bi Ghalia kwa haraka akasuka miwili tu, akamvisha sanda.

"Nani kakwambia?" alifoka.

"Kaniambia nini, Bi Ghalia? Hata simjui, nimemwota tu. Mimi nilimchora misuko mitatu. Kila asubuhi nikija, naukuta wa tatu umefumuka."

Bi Ghalia akasogea. Turubai ya mchoro ilinuka kafuri, ile ya kuoshea maiti. Alipoligusa lile fungu la nywele, vidole vilirudi vimelowa, kama vilivyogusa nywele zilizotoka kuoshwa.