Vyumba Vitatu vya Uani na Bunge la Jioni

Watoto wangu walipokwisha kuhamia Mbeya na Dar es Salaam, na baba yao akiwa amefariki, nilijenga vyumba vitatu vya kupangisha uani kwangu, hapa Mbugani. Majirani walisema mwalimu mstaafu ana tamaa ya pesa. Niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba kimya kilikuwa kinanitafuna. Sisi Wanyakyusa tuna neno, ukwangala: kukaa na wenzako, mle, mpige soga, mcheke mpaka mtu asahau alikuwa na haraka ya nini. Hilo ndilo nililolitaka, na nikadhani wapangaji watakuja nalo pamoja na magodoro yao.

Nilikosea vibaya. Kila nikiivisha wali niliwagongea mlango na sahani mkononi. Nikisikia mtu amerudi kazini, nilikwenda kumwuliza ameshindaje, na ndugu zake wa huko kwao wanaendeleaje. Mtu wa kwetu angeona ajabu nisipokwenda. Lakini wapangaji wangu walitoka mikoa mingine, na walikuwa wamelipa ili wafunge mlango. Mume na mke mmoja waliniambia kwa adabu kwamba wao hula mapema, kisha mwezi uliofuata wakahama. Fundi pikipiki naye akaondoka, hata kuaga hakuaga.

Akabaki binti mmoja kutoka Singida, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la kakao. Huyu alikuja sebuleni kwangu kwa hiari yake, kwa sababu mimi nina televisheni na yeye hakuwa nayo. Ulikuwa wakati wa Bunge la bajeti, na kila jioni walionyeshwa wabunge wakivutana kuhusu jambo moja: wanaojenga nyumba za kupangisha wasamehewe kodi ya serikali, au wasisamehewe. Kundi moja lilitaka msamaha uende kwa wanaojenga nyumba nyingi kwa mpigo, maana hao ndio watakaopunguza shida ya makazi. Kundi jingine lilisema hata mjane mwenye vyumba vya uani apewe, la sivyo serikali itakuwa inamnenepesha aliyekwisha kunenepa.

Mimi, bila shaka, nilikuwa upande wa mjane. Binti hakuwa na upande.

"Msamehewe msisamehewe, Mama, bado mtatudai pango la miezi sita kwa mkupuo," alisema.

Nikamkumbusha kwamba mimi sikumdai la miezi sita.

"Wewe hukudai, Mama. Ila unanikagua kama nimekula."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Jioni zile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nimzike mume wangu. Mbunge akisimama kuomba mwongozo wa Spika, wenzake wakaguna, mimi nilimshukuru kimoyomoyo kwa kuchelewesha mambo.

Maana nilijua mambo yakiisha itakuwaje. Kwenye barabara ya kwenda Ipyana kampuni moja ilikuwa imeanza safu ya nyumba za kupangisha, kila moja na choo chake ndani, na ujenzi ulikuwa umesimama kusubiri msamaha huo. Binti alikwisha kuandikisha jina. Aliniambia mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye televisheni. Nami nilikuwa na mipango yangu: msamaha ukitufikia sisi wa vyumba vya uani, ningemjengea choo cha ndani, asiwe na sababu ya kuondoka.

Msamaha ukapita, kwa wajenzi wa nyumba nyingi peke yao. Wabunge waligonga meza. Binti alipunguza sauti, akaniambia, "Pole, Mama." Nikamjibu kwamba sheria ni sheria, nikaenda jikoni kutazama maharage ambayo sikuwa nimeyabandika.

Nyumba zile zilipokamilika, naye akaanza kufunga mizigo, nilimwambia akae bure. Sikuona aibu kusema hivyo, aibu ilikuja baadaye. Alinishika mikono yote miwili, akasema ndaga fijo, shukrani ya kwetu niliyomfundisha mimi mwenyewe, kisha akaendelea kukunja mashuka.

Karibu na Krismasi nilikwenda kumwona. Milango ya safu nzima ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila mmoja nilisikia televisheni na kipindi chake. Binti alifurahi kuniona, hilo halikufichika. Alinionyesha choo, bomba na televisheni aliyoinunua. Nikamwuliza jirani yake wa ukutani ni nani. Alifikiri kidogo, akasema anadhani ni mtu wa benki.

Chumba kilikuwa na kiti kimoja tu. Alinikalisha mimi, mwenyewe akasimama ameegemea ukuta. Tukaongea hivyo, mimi nimekaa na yeye amesimama, habari za ghala, habari za mvua, mpaka nikaona anabadilisha mguu wa kusimamia. Niliaga mapema, ili apate kukaa.