Nilivyomtafutia makao mbwa mkubwa kama ndama, Kitale hadi Mabanga

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii ni ya mwanzo wa miaka ya tisini na mhusika ni mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza. Chumvi yenyewe bei imepanda.

Wakati huo nilikuwa broker wa vitunguu soko la Kitale. Siku moja nilienda shamba fulani nje ya town kuchukua mzigo, nikapata mwenye shamba ameuza kila kitu na kuhama. Kilichobaki ni mbwa.

Mkubwa, wakuu. Akisimama, kichwa kinafika kwa mshipi wangu, na mimi si mfupi.

Foreman alikuwa anamaliza chai ndio ampige risasi, maana mwenye shamba mpya hakumtaka. Nikasema nitamchukua mimi.

Akacheka. "Wewe unayepima gunia moja mara mbili, utalisha hii?"

Hiyo "utalisha hii" ndiyo iliniuma. Nikamfunga kamba tukaenda.

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja kwa ploti. Mbwa mwenyewe alikuwa mpole ajabu. Alikuwa analala langoni akiangalia wengine wakifua nguo, mpaka majirani wakamuita Meneja. Ugali wangu wa siku mbili alimaliza kwa mkao mmoja. Nilipiga hesabu, nikapiga tena, ikakataa.

Landlady wetu, Mama Shiru, akaniita kando.

"Kijana, mimi sina neno na wewe. Lakini watu wanaogopa kwenda choo. Mwezi ikiisha na hiyo kitu iko hapa, nitaiwekea nyama iko na dawa. Nakwambia mapema ndio usiseme mimi ni mbaya."

Mama Shiru hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Paka wawili wa hiyo ploti walikuwa washaenda hivyo.

Nikaanza kutafuta mtu. Kila niliyemuendea aliuliza swali moja: "Anauma?" Nikisema hapana, anaondoka. Nikisema ni bure, anaondoka mbio zaidi.

"Mbwa kubwa hivi, bure? Iko na ugonjwa gani?"

Mwishowe mwenye baa mmoja Webuye akamkubali. Nikampeleka na lori ya vitunguu. Dereva alitaka nauli ya watu wawili. Nikamwambia mbwa hana kiti, nitamlipia kama gunia. Tukaelewana.

Wiki iliyofuata nikapitia pale na lori ile ile. Nikapata Meneja amefungiwa ndani ya kasha la mbao, mchana kutwa, giza tupu. Jamaa ananieleza bila wasiwasi kwamba hivyo ndivyo mbwa hushika ukali, na kwamba ugali wake unatiwa pilipili. Niliingiza vidole kwa ufa wa mbao. Meneja akavilamba.

"Nirudishie mbwa," nikasema.

"Nirudishe nini? Si ulinipa bure? Ni yangu, bana."

Hapo alinishika pabaya. Lakini sikutoka. Niliagiza soda moja nikaketi nayo kaunta, na kila mteja aliyeingia nilimpeleka nyuma kumuonyesha lile kasha. Baada ya wateja kama wanne hivi mwenye baa akaanza kuongea lugha ya biashara. Alianzia magunia matatu ya vitunguu. Tukamalizia gunia moja.

Nimebargain miaka mingi, wakuu. Kununua kitu nilichogawa mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza.

Kumrudisha Kitale ilikuwa kumpeleka kwa nyama ya Mama Shiru. Lori ilikuwa inaendelea Bungoma, nikaendelea nayo. Mimi na Meneja tukashuka njiani, pale Mabanga, kwa mteja wangu mmoja, mjane tuliyemuita Mama Nanjala. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa wawili. Wa tatu alikuwa ameibwa juzi juzi.

Nilijiandaa kwa lile swali la "Anauma?" Hakuliuliza. Alimzunguka Meneja polepole, akamshika mbavu, kisha akasema, "Inakula nini? Na mvua ikinyesha, inapenda kulala wapi?"

Nikamjibu yote mawili, kisha nikaongeza:

"Mama, nikuambie ukweli. Huyu ni mpole. Hajawahi kuuma mtu."

"Sasa mwizi atajuaje? Atasimama aiulize?"

Nikamwambia nampa bure. Akakataa kabisa, akaenda akaleta tetea anayetaga. Watu wa huko husema mbwa hachukuliwi mikono mitupu. Ukimchukua hivyo, hakai kwako.

"Kitu ya bure haina mwenyewe," akasema.

Baada ya yale ya Webuye, ningembishia nini?

Lakini sikutaka tetea wa mjane. Nikaomba kifaranga.

"Mbwa kama hii kwa kifaranga? Unataka majirani wanichekee?"

Tukabishana, mimi nashusha, yeye anapandisha, mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakamuliwe. Alinishinda. Masharti yangu aliyakubali yote: hakuna kasha, hakuna pilipili. Kisha akatoa lake.

"Na wewe usikuje hapa kila wiki kuichanganya. Iache izoee."

Hilo lilikuwa gumu kumeza. Nikakubali, nikaondoka na kuku kwapani.

Nilirudi baada ya mavuno. Meneja alikuwa mbele ya zizi, amenenepa, na ng'ombe wote wawili wako ndani. Alinikumbuka, akaniegemea karibu aniangushe.

Nilipoaga akanifuata. Sikuwa nimebeba kamba ya kumrudisha, na Mama Nanjala alikuwa amesimama pale anaangalia. Tulipofika langoni nikatoka. Meneja akasimama ndani. Akanitazama kidogo, akageuka, akarudi kulala mbele ya zizi.

Nilichojifunza: ukitafutia mbwa makao, anayeuliza kama anauma mpite. Mpe anayeuliza anakula nini. Na uitishe kitu, hata kuku.

Waliowahi kuhangaika na mbwa mkubwa hivi, wenu mlimpeleka wapi? Uwanja ni wenu.