Ng'ombe wa Mama Kulwa na Debe la Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini Kilosa sikupewa hata kiti. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mzee wa utani ila uzembe hataki kuuona, alitazama gauni langu jipya akasema, "Bibi Mifugo, hilo litachafuka. Panda pikipiki."

Masanze tulimkuta Mama Kulwa, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, amepiga magoti kando ya ng'ombe wake. Kiangazi kilikuwa kimewamaliza wengine wote. Maziwa ya wajukuu yalitoka kwa huyu mmoja. Alimwona amekonda, akamlisha debe zima la mahindi. Sasa tumbo limevimba na hacheui.

"Shikamoo, Daktari. Huruma yangu imemuua."

"Marahaba, mama. Bado hajafa." Akanigeukia. "Haya, msomi. Mahindi na nyasi vinatofautianaje?"

Nikajibu kwa sauti ndogo. Wanga wa mahindi na selulosi ya nyasi vyote ni minyororo ya sukari ileile, glukosi. Ya wanga imejikunja na ina matawi. Ni akiba ya mmea, huvunjwa upesi. Ya selulosi imenyooka, imelala sambamba na kushikana kama fito zilizofungwa kamba, ndiyo maana bua husimama. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuivunja. Huvunjwa polepole na vijidudu wanaoishi tumboni mwake.

"Na vijidudu hao wakiletewa debe la wanga?"

"Unavunjwa wote kwa mkupuo. Tumbo linajaa asidi, wengi wao wanakufa."

"Basi tumletee wengine."

Tukamnywesha maji ya magadi kupunguza asidi. Kisha Daktari akachomoa cheuo, majani yaliyojaa vijidudu hai, kinywani mwa dume la jirani, akakikoroga kwenye maji ya uvuguvugu, tukammiminia mgonjwa. Gauni langu likaishia hapo. Tulikaa naye hadi kesho yake asubuhi, alipobeua, kisha akaanza kucheua taratibu. Mama Kulwa alilia, nami nikalia, na kazi nikaipenda tangu hapo.

Nilihamishiwa Malolo, Magole, mwisho Mikumi, nilikostaafia. Mabosi walibadilika, lakini kila mmoja nilimpima kwa yule wa kwanza, na wengi hawakufua dafu.

Nilipoagwa, Mama Kulwa, sasa kikongwe, aliniletea mtamba wa uzao wa ng'ombe yule. Jioni wajukuu wangu huniita mezani, wakachoka. Sili mpaka nimwone mtamba wangu anacheua.